Jina Nililolikataa Pale Kianjai

Kabla hamjaendelea kusoma, nendeni mkanawe mikono. Najua mmeshika karatasi tu wala si mtoto, lakini mkunga anayengoja sababu ya kunawa amekwisha kuchelewa. Mimi nimestaafu. Siku hizi mikono yangu haishiki kitu kizito kuliko jembe na sufuria, na bado kila asubuhi najikuta nasugua kati ya vidole hadi kwenye viwiko, kana kwamba kuna mama ananingoja kitandani. Hakuna anayeningoja. Nanawa, najikausha, kisha nakaa.

Sista kijana anayesimamia leba siku hizi ndiye aliyeniomba niwaambie nyinyi wakunga wapya mawili matatu kuhusu kazi hii. Alitaka nije nizungumze nanyi ana kwa ana, nikakataa, kwa kuwa nikikabidhiwa kipaza sauti nasahau hata jina la marehemu mume wangu. Kuandika ni rahisi zaidi. Nyumba yangu iko juu ya soko la Kianjai, na kimya kilichomo humu kinatosha kuandikia kitabu kizima.

Basi nianze na Sista Marigu, maana bila yeye ningekuwa muuza viazi.

Nilisomea kazi Embu, na huyu ndiye aliyenifundisha wodini. Alikuwa mama wa Kiembu, mfupi, mnene, mwenye viatu vyeupe visivyopata doa hata siku moja. Alivilindaje katika kazi kama yetu, sijui mpaka leo. Wakati ule kulikuwa na wauguzi waliowafokea akina mama: nyamaza, lala hivi, si ulijitakia mwenyewe? Marigu akimsikia mtu anafoka alimtoa nje kwa sikio, awe mwanafunzi, awe mkubwa. Alituambia mwanamke aliye katika uchungu hashiki maneno yako, anashika mkono wako. Kwa hiyo mweke mkono mgongoni, pale chini kabisa, ukandamize, na ufunge mdomo. Jaribuni. Mtaona jinsi kelele zinavyopungua chumbani, zikiwemo zenu.

Alinifundisha pia kusikiliza kwa fetoskopu, ile yenye umbo la tarumbeta ndogo. Upande mpana unauweka tumboni, sikio lako unaliweka upande wa pili, kisha unaondoa mkono kabisa usiishike. Wakati huohuo unamshika mama mshipa wa mkono, usije ukahesabu moyo wake ukadhani ni wa mtoto. Nyinyi mna mashine zinazopaza sauti, chumba kizima kinasikia moyo ukikimbia, na baba naye anasikia, anaanza kulia kabla ya mtoto. Ni jambo zuri na ninalipenda. Lakini zamani, kwa ule muda mfupi, ni wewe peke yako duniani uliyekuwa ukimsikia yule mtoto. Nakiri nilikuwa nakawia kidogo, sikio langu likiwa palepale tumboni, hata baada ya kumaliza kuhesabu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la vigelegele. Mnajua kwetu vigelegele vya mtoto wa kiume ni vingi kuliko vya msichana, na mtu aliye mbali shambani anahesabu tu na kujua nani amezaliwa. Basi mimi, mkunga mpya, nikazalisha mtoto wangu wa kwanza bila kusimamiwa. Furaha ikanipanda kichwani, nikatoka mlangoni nikapiga vigelegele bila hesabu. Wanawake wa boma la yule mama, waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakingoja, wakadakia. Babu wa mtoto akasikia, akaagiza mbuzi afungwe. Marigu, aliyekuwa ndani na mama mwingine, akatoka na kitoto mkononi, cha kike, kinapiga kelele. Yule mzee akanitazama kama mtu aliyeuziwa punda kwa bei ya ng'ombe.

Marigu hakunifokea. Alinivuta kando akaniambia, "Wewe kazi yako ni kuzalisha. Vigelegele ni vya wenye mtoto."

Nilicheka wakati ule. Nilikuwa msichana, niliona ni mzaha tu.

Sasa sikilizeni jambo la damu, maana hili sitaki mlisome mkiwa na usingizi. Kondo la nyuma likishatoka, usikimbilie kuandika. Weka mkono juu ya tumbo la mama, sugua mpaka uhisi kizazi kimekaza na kuwa kigumu kama nduma mbichi. Kikilegea, sugua tena, mwite mwenzako, leta dawa. Mama anayetokwa na damu nyingi hapigi kelele. Anakuwa mpole, anakuambia ana usingizi, anakushukuru. Ukimsikia mama anakushukuru kwa sauti ndogo namna hiyo, funua shuka mara moja uangalie.

Kinya alinishukuru hivyohivyo. Nami namleta Kinya hapa kwa sababu hadithi yake ndiyo inayonikalia moyoni, mengine yote ni ya kupasha koo moto.

Lakini kwanza niwaeleze jambo langu, mnielewe. Nilijaliwa mume mwema, fundi wa baiskeli pale sokoni. Sikujaliwa mtoto. Tulingoja, tukaomba, tukaenda hospitali, tukarudi, mwishowe tukaacha kuzungumza habari hiyo. Kwetu, mnavyojua, msichana wa kwanza anaitwa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama. Ndivyo mtu anavyorudi duniani. Bibi anazeeka huku jina lake linakimbia uani likifukuza kuku. Mwanamke asiye na mtoto hana mjukuu, na asiye na mjukuu jina lake linazikwa naye. Nimepokea watoto wengi sana, na nje ya mlango nikasikia wakiitwa Karimi, Makena, Gatwiri, Mukami. Sikuwahi kusikia Kagendo. Kagendo ndilo jina langu.

Mume wangu alipofariki nilirudi kazini mapema kuliko nilivyoruhusiwa. Nyumbani palikuwa hapakaliki. Kazini angalau mtu aliniita, hata kama ni kwa kulia.

Wakati huo ndipo alipokuja Kinya. Alikuwa msichana mwembamba, mama yake mzazi amekufa, ameolewa na kijana mmoja anayeitwa Mutwiri. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Mama Mutwiri, hakuwa ameipenda ile ndoa na hakuficha. Kinya alikuja kliniki peke yake kila mara. Alikuwa akikaa nami hata baada ya kupimwa, anahadithia ndoto zake, ananisaidia kukunja vitambaa. Nilizoea kumwona. Siku za kliniki nilianza kupika chai ya watu wawili.

Uchungu ukamshika kabla ya wakati, siku ya soko, mchana. Mumewe alikuwa Isiolo kwenye kazi ya ujenzi. Aliletwa na Mama Mutwiri, ambaye alikaa benchi la nje na chupa yake ya uji. Kumbukeni uji wa kwanza wa mzazi unatoka nyumbani kwa mume, haununuliwi wala hauazimwi. Yule mama, pamoja na maneno yake yote, alikuwa ameupika kabla hawajatoka nyumbani. Mimi nililiona hilo. Kinya hakuliona.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mdogo hata sitaki kusema alivyokuwa mdogo. Kisha Kinya akaniambia kwa kasauti kadogo, "Asante, Sista, mimi wacha nilale." Nikafunua shuka. Tulipambana, mimi na mwenzangu, tukasugua, tukachoma sindano, tukamwekea maji ya mshipa, na Mungu akatusikia. Damu ikakata. Lakini Kinya alibaki akitetemeka, hana nguvu ya kushika hata kijiko.

Na mtoto alikuwa anapoa.

Nikapiga simu hospitali kubwa mjini. Mashine za joto zilikuwa zimejaa, wakaniambia nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka nafasi ipatikane. Nasikia siku hizi hata nchi zenye mashine za kila aina zimerudi kwenye kifua, zinawafundisha wakunga wa dunia nzima. Kwetu wakati huo lilikuwa jambo geni. Na kifua cha nani? Cha mama yake kilikuwa kinatetemeka. Changu kilikuwa kinahitajika kwingine, maana kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine anakaribia kusukuma. Nikamweka mtoto ndani ya nguo yangu kwa dakika chache nikamwita Mama Mutwiri aingie.

Aliingia, akachungulia, akashika mdomo.

"Ngai! Mimi nimezaa watoto saba, hakuna mmoja alikuwa kadogo hivi. Huyu ataishi kweli?"

"Ataishi akipata joto. Nataka umbebe kwa kifua."

"Kwa kifua aje? Hiyo ni mambo ya wanyama. Si mko na mashine?"

Kinya akafungua macho. Sijui alitoa wapi nguvu. Alimtazama mama mkwe wake, kisha akanitazama mimi, akasema, "Huyu mtoto ataitwa Kagendo. Jina ya Sista. Ni nani mwingine alinishikilia?"

Mama Mutwiri alisimama wima, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Sawa. Basi huyo Kagendo ndio akuletee uji," akasema. Akachukua chupa yake na kiondo, akatoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nimeshika yule mtoto ndani ya nguo yangu, uso wake hapa chini ya shingo, anapumua kama kifaranga. Nikalisikia jina langu juu yake. Nilifurahi. Wala sikujali kabisa habari ya yule mama kuondoka. Nilimwona msichana akikimbia njiani na mtu anamwita, Kagendo, Kagendo, njoo ule. Nilitaka kunyamaza tu. Kunyamaza kungetosha. Hakuna mtu angenilaumu, maana si mimi niliyeomba.

Lakini mtoto njiti haponi kwa mchana mmoja. Anataka kifua wiki baada ya wiki, usiku na mchana, na mama yake hakuwa na mama, mumewe alikuwa mbali. Kifua kilichobaki kilikuwa kimoja, na hicho kilikuwa kinaelekea langoni na chupa ya uji. Mimi ningempa mtoto jina. Yule mama angempa joto. Mtoto hafi kwa kukosa jina langu.

Nikamwambia Kinya, "Hapana. Huyu ataitwa Karimi, jina la bibi yake."

"Sista, mimi ndio nimesema."

"Nimekataa, Kinya. Jina langu usilitumie."

Nililisema kavu hivyo, kwa sababu kama ningelisema kwa upole ningelia. Akageuza uso ukutani. Nikamwachia mwenzangu vitanda vyote viwili, nikatoka mbio na mtoto kifuani, mvua imeanza kudondoka, nikamkuta Mama Mutwiri karibu na lango.

"Mama Mutwiri, ngoja."

"Nimesikia jina. Mimi sina mtu hapo."

"Jina ni Karimi. Jina lako. Ni mimi nimekataa lile lingine."

Akageuka. "Umekataa aje? Wewe huna mtoto. Watu wote wanajua hiyo maneno."

"Najua."

"Na bado umekataa?"

"Karimi anasikia baridi," nikamwambia. Nikafungua sweta yangu kidogo, akamwona.

Alimtazama muda mrefu. Mvua ilikuwa inatulowesha mabega. Kisha akaniwekea chupa ya uji mkononi, akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake palepale njiani, mpaka nikalazimika kumsukuma aingie ndani watu wasije wakakusanyika.

Tulimfunga mtoto kifuani kwake kwa leso, kofia kichwani, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limelala kwenye ngozi, shingo imenyooka ili apumue vizuri, sweta juu. Hivyo ndivyo mnavyofunga mpaka leo. Mama Mutwiri akakaa kwenye kiti, amekakamaa kama anapigwa picha. Baada ya muda nikamsikia anaongea chini kwa chini. Alikuwa anamwambia mtoto habari za mashamba yao, mpaka uko wapi na nani ana tabia ya kuusogeza.

Nafasi ilipopatikana mjini walikwenda, na huko pia wakaambiwa waendelee na kifua. Waliporudi nyumbani Kinya alikuwa amepata nguvu, wakawa wanapokezana. Nilipowatembelea nilimkuta yule mama anachagua maharagwe na mtoto ndani ya sweta. Wanawake wa kanisani walikuja kuona maajabu, naye akawafukuza: "Kaa mbali, unaniletea baridi!" Baadaye, kila tulipopata mtoto njiti, nilimtumia ujumbe. Alikuja mwenyewe, akawafunga watoto wa watu, akawakaripia mama wakwe wenzake. Mimi nikimfokea mama mkwe ananinunia. Yeye akimfokea, mama mkwe huyohuyo anavua sweta.

Karimi aliishi. Alinenepa mpaka mashavu yakafunika macho.

Lakini Kinya sikumpata tena. Hakuwa mkorofi. Alileta mtoto kliniki, akajibu nilichouliza, akaondoka. Chai ya watu wawili niliendelea kuipika kwa muda, nikainywa yote mwenyewe. Mtoto wake wa pili alikuwa wa kike, akapata jina la marehemu mama yake, kama ilivyo haki. Alikwenda kumzalia kituo kingine. Miaka baadaye nilimwona soko la Gakoromone, anachagua karoti pamoja na Karimi, msichana mrefu wa shule. "Habari, Sista," akaniambia, kama unavyomsalimu karani wa posta. Karimi akanisalimu kwa adabu, akaendelea kuchagua karoti.

Hayo ndiyo yanayouma katika kazi yetu na hamtafundishwa chuoni. Unakuwa ndani ya saa kubwa kuliko zote za familia ya watu, kisha mlango unafungwa nawe uko nje. Juzi nilipanda bodaboda ya kijana ambaye nilimzalisha akitanguliza miguu, mchana mzima wa jasho. Akaniuliza, "Shosho, unashukia wapi?" Nikamwonyesha, nikashuka. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?

Mwaka huu Mama Mutwiri akafariki. Nilikwenda maziko, nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Walipoita wajukuu, Karimi alitangulia mbele, kwa kuwa ndiye mwenye jina. Alizungumza kwa sauti isiyotetemeka. Akasema watu wasilie sana, maana Karimi hajaenda popote, Karimi ndiye huyu amesimama hapa. Watu wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Nililia mimi, na waliokaa karibu nami wakadhani ninamlilia marehemu.

Wakati wa chakula Kinya akaniletea sahani. Nilidhani ataiweka aende. Akavuta kiti.

"Sista, shosho wa Karimi alinihadithia kabla hajafa," alisema. "Vile ulimkimbilia kwa mvua."

"Alikuwa anakaribia kutoka langoni."

"Mimi miaka yote nilifikiria ulikataa juu ya dharau. Nilikuwa sina kitu kingine cha kukupa. Nikakupa hiyo moja, ukakataa mbele ya watu. Nikasema, huyu anaona jina lake si la kuitwa mtoto kama wangu."

Niliweka kijiko chini. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu, hata padri.

"Nililitaka, Kinya. Nililitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa."

Akanitazama, macho yamemjaa. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenipa."

Akasogeza kiti karibu. Pale uani Karimi alikuwa anakusanya vyombo, anacheka na binamu zake, leso ya bibi yake mabegani. Kinya akanishika mkono, tukakaa hivyo tukimtazama mpaka watu wakaanza kuondoka. Kisha nikaaga, nikapanda kilima peke yangu kurudi nyumbani.